Mgonjwa Asiye na Kadi

Zoezi la kujiandaa na mlipuko wa ugonjwa lilianza saa nne asubuhi, ndani ya hema jeupe nyuma ya hospitali ya mkoa. Wagonjwa wa kuigiza walikuwa kumi na wawili, wote wanafunzi wa uuguzi, kila mmoja na kadi shingoni yenye dalili za ugonjwa wake wa uongo. Walikohoa huku wakichekana. Mmoja ilibidi afe mara mbili, maana mara ya kwanza alipiga chafya.

Muuguzi mkuu, mama wa makamo waliyemwita Sista Kimya kwa uchache wa maneno yake, alipita akiwakagua, amejifunika gubigubi: barakoa, miwani, glavu mbili mbili. Alihesabu kumi na watatu.

Akahesabu tena.

Kwenye benchi la mwisho alikaa mwanamke mwenye gauni la bluu. Hakuwa na kadi. Jasho lilimtiririka, na macho yake mekundu hayakupepesa.

"Kadi yako iko wapi, mwanangu?"

"Kadi gani, mama? Nimekuja kutibiwa." Sauti ilitoka kama kutoka kisimani. "Nimetembea kwa miguu, sikutaka kukaa karibu na mtu garini. Nyumbani tulikuwa watano. Nimebaki mimi."

Damu nyembamba ikamchuruzika puani. Wanafunzi wakapiga makofi. "Huyo dada anajua kuigiza!"

Sista akaishika redio ya mkononi, akamwita msimamizi wa zoezi aliyekuwa ofisini ghorofani. Alikuwa shemeji yake, mume wa marehemu dada yake.

"Funga mageti. Hili si zoezi."

Shemeji akacheka. "Safi sana! Umesema neno kwa neno kama nilivyoandika kwenye maelekezo."

"Shemeji," alisema taratibu, "naapa kwa kaburi la mke wako."

Kisha mageti yakasikika yakifungwa, moja baada ya jingine, na hakuna aliyecheka tena.

Walizuiliwa humo siku ishirini na moja. Wanafunzi wawili walipata homa, wakapona. Mwanamke yule alifariki siku ya pili, Sista amemshika mkono.

Waliotumwa nyumbani kwake walikuta maiti wanne vitandani, wamefunikwa shuka vizuri. Mlangoni, kwa mkaa, alikuwa ameandika: MSIINGIE.

Shemeji, akiwa nje, alimweleza Sista hayo kupitia dirisha la plastiki la hema. "Mtaa mzima hajaugua hata mmoja," alisema.

Sista akageuka, akaketi kwenye benchi, akalia kwa sauti.