Difu ya Mbele

Mume wangu Maingi ni fundi, na mafundi wana ugonjwa mmoja: wakishakaza nati ya mwisho hawataki tena kuulizwa swali. Asubuhi ile alijifuta mikono, akafunga boneti kwa kishindo, akamwambia Khalif gari liko tayari. Khalif ni mfanyabiashara wa mbuzi pale Kiamaiko. Alikuwa amekwisha kuketi upande wa abiria, mlango wazi, mguu mmoja nje ukipigapiga chini. Mbuzi wake walikuwa bomani huko Samburu wakitungoja, na kila simu aliyopigiwa ilimwongezea ukali.

Dereva ni mimi, Muthoki. Watu wakiniona gerejini kwetu mtaani Huruma hudhani nimeletea mafundi chai. Sileti chai. Landikruza ile ni yetu, na mimi ndiye ninayeingia nayo porini kukusanya mbuzi wa Khalif boma kwa boma, hadi kwenye lami ambako lori huwapokea.

Matairi makubwa niliyataka mwenyewe. Maingi alinionya, nikamwambia asubiri kwanza anase mchangani jua la saa saba ndipo anifundishe. Basi yakafungwa, gari likasimama juu likapendeza, likavuka kila laga, ile mito mikavu ya mchanga, bila kunasa. Ila nguvu zikapotea. Tairi kubwa likizunguka mara moja huenda mbali kuliko dogo, na injini ni ile ile, kwa hiyo inasukuma kazi ambayo haikupimiwa.

Safari ya mwisho, kwenye mlima wa mawe unaotoka bondeni, gari lilizimika katikati, mbuzi wamejaa nyuma. Nilikanyaga breki, magurudumu yakashika, lakini changarawe yenyewe ikaanza kuteleza chini yetu, tukarudi nyuma taratibu. Nilipowahi kuwasha na kuingiza fowili ili magurudumu yote manne yavute, gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limefika ukingoni mwa korongo. Niliona kwenye kioo mawe yakiporomoka. Khalif alikuwa kando yangu, amelala fofofo. Hakuamka, nami sikumwamsha. Nyumbani Maingi aliponiuliza gari lilikwendaje, nilimjibu limenisumbua kidogo mlimani. Kidogo! Ningesema kweli angeliuza kabla ya jua kutua, na kazi ile naipenda, halafu mimi ni mkaidi.

Dawa yake ilikuwa kubadilisha difu, vile vichwa vya gia vinavyogawa nguvu kwa magurudumu, ya mbele na ya nyuma, kwa zenye meno yanayorudisha nguvu iliyomezwa na matairi. Tulijadili kiasi gani. Maingi alisema tukizidisha, injini italia kama mtoto wa kunyonya kwenye lami yote hadi Nanyuki na mwendo usiwepo. Tukipunguza, mlima utatushinda tena. Tukakubaliana tuchukue ya katikati. Yeye akaenda mjini kutafuta ya nyuma. Mimi, kwa kuwa nilikuwa Kiamaiko, nikapitia kwa Wandera, muuza vipuri vya mitumba, nikachukua ya mbele. Tulijiona werevu kwa kugawana kazi.

Nilikuwa nimeweka mguu kwenye kikanyagio nipande, Khalif alipomuuliza fundi, "Sasa hii itapanda ule mlima ama tutasukuma?"

"Itapanda hadi paa la flati," Maingi akajibu. "Nimekuwekea difu nzito."

Nikashusha mguu. "Nzito? Nani alisema nzito?"

"Nzito ndiyo inavuta, Mama Mumo."

"Mimi kwa Wandera niliitisha nyepesi."

Khalif akaangua kicheko. "Wee! Mnalala nyumba moja na hamsikizani!" Mafundi wa gereji ya jirani nao wakacheka, mmoja akauliza kama jana usiku tulikula ugali mmoja. Maingi alicheka nao. Kisha akaacha kucheka, akanitazama.

Kwa fundi, difu nzito ni ile yenye nguvu ya mzigo, inayokwenda polepole, na nyepesi ni ya kukimbia lami. Kwangu mimi dereva, gari zito ni lile linalogoma mlimani, na jepesi ni lile linalopanda bila kunitoa jasho. Tulitaka kitu kimoja kwa maneno mawili yanayopingana, na kila mmoja alikwenda dukani na neno lake.

"Wandera hakukuuliza namba?" Maingi akauliza.

"Aliniuliza ya aina gani. Nikamwambia nyepesi. Nikamwambia tena, nyepesi kabisa."

"Na mimi nikaifunga bila kuhesabu meno," akasema. "Vichwa vya difu vinafanana."

Nyuma ikiwa na kipimo kimoja na mbele kingine, kwenye lami hutahisi kitu, kwa sababu mbele haifanyi kazi. Shida ni siku utakapoingiza fowili. Hapo pande mbili zinaanza kuvutana, kila moja na mwendo wake, usukani unagoma kukata kona, na kwenye mawe makavu lazima kitu kivunjike.

Khalif akatoa kichwa nje. "Si usiingize hiyo fowili? Tumia ya nyuma peke yake, twende. Mbuzi wakinifia mtanilipa nyinyi?"

"Labda Wandera alikupa ya sawa," Maingi akasema, bila kunitazama. "Anajua gari letu."

Alitaka iwe hivyo, na sitadanganya, hata mimi nilitaka. Mfuko wangu wa nguo ulikuwa ndani, tangi limejaa, na Khalif alikuwa amekwisha kusema kwamba tusipotoka asubuhi hiyo atampa Githinji kazi, na Githinji ana gari la matairi madogo lisilo na maneno. Ningeweza kupanda nikawasha. Nilishika mpini wa mlango, kisha nikauachia.

"Tuzungushe," nikasema. "Tuhesabu."

"Mama, hakuna wakati!" Khalif akafoka.

"Basi shuka, upande gari la Githinji."

Hakushuka. Maingi akaleta jeki. Akainua gurudumu moja la nyuma, jingine likabaki chini limewekewa jiwe. Akachora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu, kisha akalala chini ya gari. Gurudumu moja likiwa limeshikwa na ardhi, hilo jingine huzungushwa mara mbili, na hesabu ya mizunguko ya propela ndiyo inayosema ukweli. Nikazungusha polepole kwa mikono miwili.

"Nne na nusu, na kidogo juu," akasema kutoka chini. "Ya nyuma ndiyo yenyewe."

Tukahamia mbele. Maji ya nguo zilizoanikwa ghorofani yalinidondokea shingoni na sikuyajali. Nikazungusha mara moja, nikazungusha mara ya pili, nikaisimamisha alama pale pale ilipoanzia.

Nikangoja namba.

"Baba Mumo?"

"Rudia."

Nikarudia. Safari hii nilisikia pumzi zake.

"Rudia tena. Usiharakishe."

Nikarudia, na kabla sijamaliza nilijua, kwa jinsi viatu vyake vilivyotulia.

"Haifiki hata nne," akasema.

Akajivuta nje, akakaa pale pale chini kwenye vumbi na oili, uso umemsawijika. "Pale mlimani," akaniuliza, "gari likikwama unafanya nini?"

"Naingiza fowili."

"Na likianza kurudi nyuma?"

"Naingiza fowili. Si ndivyo nilivyofanya."

"Ulivyofanya lini?"

Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nilijiumbua kwa sentensi moja. Nikawaambia yote: changarawe, gurudumu ukingoni, mawe kwenye kioo. Niliyasema kwa hasira, kana kwamba wao ndio walionisukuma.

"Ngoja," Khalif akasema. "Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umelala. Kichwa umekiegemeza dirishani, upande wa korongo."

Khalif alishuka garini. Alizunguka hadi nyuma, akaliangalia lile gurudumu la kushoto, akalishika kwa kiganja.

Nilimngoja Maingi apige kelele. Kelele zake nazijua na huwa nina majibu yake. Hakupiga. "Ile difu nimeifunga mimi," akasema. "Kwa mikono hii. Ungeingiza fowili pale pale ukingoni, ivunjike, na mimi wakati huo niko hapa nanawa nile chakula."

Siku ile mlimani sikuogopa, nilikuwa na kazi ya kufanya. Niliogopa pale Huruma, gari likiwa juu ya jeki na halina pa kwenda. Nikakaa chini kando ya mume wangu, nikamwambia, "Niliogopa ungeliuza."

"Ningeliuza," akasema. Akaokota spana, akaanza kulegeza nati za difu ya mbele, moja baada ya nyingine.

Simu ya Khalif ikalia. Ilikuwa ni wachungaji wa bomani, sauti yao ilisikika hadi kwangu, wanauliza gari limefika wapi. Nilijua sasa jina la Githinji litatajwa, na sikuwa na nguvu ya kubisha.

"Hatujatoka," Khalif akawaambia. "Wapelekeni mbuzi majini. Gari linafunguliwa, likifungwa ndipo Muthoki atakuja."

Akakata simu. Akasimama kidogo, mgongo ameuelekeza kwetu, kisha akapiga nyingine mwenyewe. Ilikuwa kwa mkewe. Alimuuliza watoto wamekula nini asubuhi, akasikiliza jibu lote.