Robo Saa ya Stara Grobla

Kijijini kwetu Stara Grobla, mkutano ukiitishwa saa kumi na moja jioni, mtu mwenye akili zake huja saa kumi na moja na robo. Si uvivu, ni kanuni. Mkutano wa kwanza lazima uwe na mtu mmoja kati ya kila kumi wenye haki ya kura, na kwetu hiyo ni watu ishirini na mmoja. Wasipotimia, watu hungoja robo saa, kisha unafunguliwa mkutano wa pili, na huo ni halali hata wakija watatu na mbwa wao. Nimeolewa hapa mwaka wa thelathini na nane huu, na sijawahi kuona mkutano wa kwanza ukifanyika. Tangazo hubandikwa dukani likiwa na saa zote mbili, na sote tunajua ipi ni ya kweli. Watu humalizia kukamua ng'ombe, hubadili viatu, ndipo huja.

Diwani Remigiusz Kempa aliyajua hayo vizuri, maana alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kanisani. Ndiyo maana aliniudhi zaidi. Mgeni akikuchezea shere unasema hakujua. Huyu nilimfuta makamasi mwenyewe.

Siku hiyo tulikuwa watatu jikoni, katika ukumbi wa zimamoto: mimi, Leokadia na Halszka, wote wa umoja wa akina mama. Kila mkutano sisi ndio tunaopika. Nilikuwa nafunga pierogi, kama sambusa za kuchemsha, za viazi na jibini, mikono imejaa unga, na dirisha dogo la kupitishia sahani lilikuwa wazi. Ajenda ilikuwa moja tu, na kijiji kizima kilikuwa kinaingoja kwa hasira: halmashauri inataka kulichukua gari letu la zimamoto lipelekwe mjini, kilomita kumi na nne, na vijana wetu wa kujitolea wabaki na ndoo. Jengo lifanywe ukumbi wa mazoezi ya mwili. King'ora kiondolewe kabisa, kinasumbua usingizi wa watu.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano nikasikia magari. Nikadhani ni watu wa mjini wameleta makaratasi. Nikachungulia. Walikuwa ni wakazi wa zile nyumba mpya za kando ya msitu, waliohamia miaka mitatu minne iliyopita, wanaingia wakiwa wameshika funguo za magari mkononi. Mmoja, wawili, watano. Kempa alikuwa mlangoni akiwasalimu kwa majina, akiwaonyesha pa kutia sahihi.

"Genowefa," Leokadia aliniambia kwa sauti ya chini, "umewahesabu?"

Niliwahesabu. Ishirini na wawili.

Saa ya ukutani ilipogonga kumi na moja kamili, Kempa alisimama. "Akidi imetimia," alisema. "Mheshimiwa mwenyekiti, fungua mkutano, tupige kura, watu wana watoto nyumbani."

Mwenyekiti wa kijiji ni Zenon, mdogo wa marehemu mume wangu. Zenon ni mtu mwema asiyeweza kumkatalia mtu chochote, na barabara ya kwenda shambani kwake iliwekwa lami mwaka jana kwa barua ya Kempa. Alitazama mlango, akatazama saa, akalifuta jasho shingoni. "Kwa kawaida tunangoja," alisema.

"Kawaida si kanuni," Kempa alisema. "Soma kanuni, mzee."

Zenon akafungua mkutano. Nilimwona akifungua, nikamdharau tena. Nilikuwa nimeshamdharau miaka miwili mfululizo, tangu alipoirudisha kofia yake ya zimamoto bila maelezo, wiki moja tu baada ya kumzika kaka yake, halafu, isipokuwa siku za mikutano, akawa anapita mbali na jengo hili kama lina ukoma. Mwoga, nilisema moyoni. Gari wanalichukua hivi hivi, na yeye anakohoa tu.

"Halszka," nilisema, "toka kwa mlango wa nyuma. Baiskeli yangu iko hapo. Nyumba kwa nyumba, waje sasa hivi, hata kama ng'ombe hajakamuliwa."

"Kote huko? Itanichukua dakika kumi!"

"Basi mbona bado uko hapa?"

Leokadia yeye alikuwa ameshafika kwenye kisanduku chekundu ukutani, kidole juu ya kitufe cha king'ora. "Nibonyeze? Watakuja wote mara moja."

"Bonyeza nikuvunje huo mkono." Nilisema hivyo kwa moyo wangu wote. King'ora hakipigwi kwa uongo. Ukikipiga mara moja bila moto, siku ya moto mtu mmoja atasema ngoja kwanza nimalize chai.

Nikaingia ukumbini na aproni yangu.

"Naomba kuongea," nilisema.

Kempa alitabasamu. "Mama Genowefa, chakula baadaye, tafadhali."

"Sijaleta chakula. Nimeleta mdomo. Nipe hiyo karatasi niweke sahihi."

Nikaweka sahihi, na unga ukabaki kwenye karatasi. Leokadia naye akaja, akaandika jina lake lote kwa herufi kubwa. Watu wa nyumba mpya walitutazama kwa adabu. Nadhani hawakujua kwamba wapishi nao wana kura.

"Mheshimiwa mwenyekiti," Kempa alisema, "hoja inajulikana. Naomba tupige kura."

Zenon alikuwa ameshika kalamu kwa mikono miwili. "Kanuni inasema mkazi anaruhusiwa kuongea kabla ya kura," alisema taratibu. "Wala haisemi kwa muda gani."

Sikutegemea hilo. Nikamtazama, yeye akatazama meza.

Basi nikaanza. Dakika nne zilikuwa zimepita, na ilinipasa kujaza kumi na moja, pengine zaidi. Nilianza na sakafu. Niliwaambia kokoto za sakafu hiyo zilitoka mtoni, kila nyumba mikokoteni minne, na mama mkwe wangu alizisomba akiwa na mimba ya huyu Zenon aliyekaa hapo mbele. Nikapanda ukutani, tofali kwa tofali. Nikafika kwenye mlango wa gereji. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa, nami niliwaundia upya mbele ya macho yao, kila msumari na jina la aliyeupiga.

"Mama, hii ni historia," Kempa alinikatiza.

"Ndiyo, na bado sijafika ulipozaliwa. Tulia, nawe umo."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Nikaona ni Sarnecki, yule wa kompyuta, aliyeandika barua tatu za kulalamikia king'ora. Nikamgeukia.

"Bwana Sarnecki, nyigu wako hawajambo?"

Akawa mwekundu. "Nyigu gani?"

"Wale wa darini kwako, mwezi wa nane. Kiota kikubwa kuliko ndoo ya maziwa. Ulimpigia nani simu? Mjini?"

"Nilipiga mjini," alisema. "Wakanipa namba ya hapa."

"Na wakaja saa ngapi?"

"Baada ya... sijui. Dakika kumi?"

"Sita. Sławek, mkuu wa vijana wetu wa zimamoto, alitoka mezani hajamaliza supu, na mkewe alinilalamikia mimi. Gari la mjini lingekufikia umeshavimba uso, hata mkeo asingekujua." Watu wakacheka, hata mke wa Sarnecki. "Kwetu mgeni ni siku mbili, ya tatu tunampa jembe. Nyinyi tumewapa miaka mitatu bila jembe. Hatukuwadai kitu. Leo mnakuja na dakika tano zenu kuchukua gari letu?"

"Sisi tuliambiwa kijiji kimekubali," mwanamke mmoja alisema. "Tuliambiwa ni kutia sahihi tu."

"Nani kawaambia?"

Macho yake yalikwenda kwa Kempa.

Saa ilionyesha dakika kumi na moja zimepita. Nje kimya. Nikaendelea na mafuriko, na mifuko ya mchanga tuliyoipanga usiku na mchana, na bibi Apolonia aliyetolewa dirishani akiwa amekumbatia kuku. Sauti ilianza kunikauka. Robo ikafika, ikapita, na hakuna mtu. Nikafikiri, huyu Halszka kaanguka mtaroni. Nilikuwa nimemaliza kila kitu isipokuwa kimoja, na hicho nilikuwa nimeapa kutokisema hadharani maisha yangu yote.

"Mume wangu Tadek," nilisema, "alianguka uani akipasua kuni. Miaka miwili sasa. Nilipiga simu, nikasikia king'ora kabla sijaiweka chini. Dakika nne. Nilihesabu, maana nilikuwa namshika kichwa na sikuwa na kazi nyingine. Dakika nne vijana walikuwa wamepiga magoti kwenye magogo. Ambulensi ya mjini ilikuja dakika ya thelathini na moja."

Hapo ndipo Kempa alipofanya alilofanya. Sidhani alikuwa na roho mbaya kiasi hicho, nadhani aliona saa tu na akaogopa.

"Pole sana, mama," alisema. "Lakini tuseme ukweli mbele ya watu. Je, alipona?"

Nikaanza kujipangusa unga mikononi.

"Hakupona," Zenon alisema.

Alikuwa amesimama. Kalamu ilikuwa imeanguka na hakuiokota.

"Hakupona, Remigiusz. Nilikuwa mimi. Nilimkandamiza kifua kaka yangu dakika ishirini na saba, nikasikia mbavu zake zikikatika chini ya viganja vyangu, na nikaendelea, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa. Sławek alitaka kunipokea, nikakataa. Baada ya hapo sikuweza tena kuivaa ile kofia. Kila nikilisikia gari hili likitoka, mikono yangu inatetemeka, tazama, hata sasa." Akaiinua juu tukaiona. "Lakini alikufa mikononi mwa mdogo wake, wala hakufa bila kusaidiwa kwenye magogo akingoja watu wa mjini. Ukitaka kujua gari hili lilitusaidia nini, ni hilo. Na mwaka jana lilimfikia mapema mtoto wa jirani yetu Bronka, akapona, na leo huyo mtoto yuko shuleni."

Sikuwahi kuambiwa. Watu wote waliokuwa uani siku ile walijua, na mimi nilimwona akiwa amepiga magoti kabla hawajaniondoa na kuniingiza ndani, lakini lile la mbavu, lile la kukataa kupokewa, hakuna aliyenieleza, na sikuuliza. Miaka miwili nilimpa sahani yake ya Krismasi bila kumtazama usoni. Nilisikia aibu ikinipanda hadi masikioni, mbele ya wageni, na aproni yangu ya unga.

"Sasa," Zenon alisema, "mwenyekiti hapa ni mimi. Kura haipigwi mpaka Stara Grobla waingie."

"Huna mamlaka hayo!" Kempa alipiga meza. "Akidi ipo! Nitalipeleka hili mbali!"

"Lipeleke. Una gari zuri."

Na ndipo mlango ukafunguliwa. Sijui walikuwa wamefika lini, labda walisimama pale nje wakisikiliza, kwa sababu waliingia bila kelele, na watu wa kwetu hawajui kuingia bila kelele. Halszka mbele, goti linavuja damu. Sławek na vijana wake. Bibi Apolonia akishikiliwa mkono. Wenye mabuti ya zizini, wenye nywele mbichi, mwanamume mmoja kakumbatia kopo la maziwa kwa sababu hakupata pa kuliweka. Viti vikaisha, wakajaa kuta zote mbili hadi jikoni.

"Nani anataka gari liondoke?" Zenon aliuliza.

Mikono tisa. Sarnecki alitazama viatu vyake. Yule mwanamke aliyesema ni kutia sahihi tu alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili.

"Nani anataka libaki?"

Sikuhesabu. Zenon alihesabu mara mbili, akatangaza: tisini na wanne. Kisha akaandika, akagonga muhuri wa kijiji kwa nguvu hadi kikombe cha Kempa kikaruka, akampa karatasi.

Kempa aliikunja karatasi bila kuisoma. Alikuwa amejikusanya tena, uso umekuwa wa ofisini.

"Mnajua, jamani, haya ni maoni tu," alisema. "Mkutano wa kijiji hauna uamuzi juu ya gari. Baraza ndilo linaloamua, Alhamisi, saa nne asubuhi, mjini. Sina la kuwaficha."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililouma. Niliona baadhi ya watu wakiinamisha vichwa. Robo saa yote ile, mbavu za Tadek zote zile, kwa karatasi ya maoni.

"Alhamisi tutakuja," nilisema.

"Mkutano wa baraza ni wa wazi, karibuni," alisema akivaa koti. "Ila niwaonye mapema msije mkasumbuka bure. Ule ukumbi una viti thelathini tu vya wananchi."

Shemeji yangu alinitangulia kujibu.

"Sisi," Zenon alisema, "hatuji kukaa."