Palipokolea Kijani

Shamba lilikuja kwenye skrini mraba mmoja mmoja. Kila mraba ulianza kama doa la ukungu, ukakaa hivyo kwa muda, kisha ukatakata na kuwa mahindi. Mtandao wa Kitale ulikuwa wa kusuasua siku hiyo, na Rahab, aliyetoka Bungoma alfajiri akiwa amevaa koti lake la kanisani, alikaa kando ya mwanawe Ngige akiitazama ardhi yake ya zamani ikijikusanya mbele ya macho yake. Hakuwa ameikanyaga tangu mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, walipoikimbia na kuiuza wakiwa mbali.

"Mbona haiji yote mara moja?" aliuliza.

"Ni kubwa sana, Maitu. Hakuna kompyuta hapa inaweza kuibeba. Imewekwa mbali, imekatwa vipande, na sisi tunaletewa tu kile tunaangalia."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Ngige: kuunganisha maelfu ya picha zilizopigwa na droni juu ya mashamba ya Trans-Nzoia hadi ziwe picha moja, kisha kuipandisha mtandaoni ili wakulima na madalali waitazame. Alikuwa amezoea kuiona nchi kutoka juu, na mtu akizoea hilo husahau kwamba chini kuna watu. Juma hilo hakusahau. Kiptanui, aliyelinunua shamba lao la Saboti, alikuwa amempigia simu kumwarifu kwamba angemwaga zege la ghala la mahindi upande wa juu, kule kule alikozikwa mzee Kiragu, babake Ngige. "Njooni mchukue mzee wenu kabla ya Jumatatu," alisema. Alikuwa muungwana. Wengine wangemwaga tu.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua mahali penyewe. Msalaba wa mbao ulikwisha kuliwa na mchwa, trekta lilikuwa limepita msimu baada ya msimu, na mparachichi waliouweka kuwa alama ulikatwa hata kisiki kikang'olewa. Lakini picha ile ilipigwa Juni, mvua ilipokatika na mahindi yakanyong'onyea. Palipowahi kuchimbwa kwa kina, mizizi ilikuwa imeufuata unyevu chini, na majani yakabaki na kijani kilichokolea. Ukisimama shambani huoni tofauti, na ukitazama kutoka juu sana pia huoni. Sharti ushuke kidogo kidogo, kila hatua ukingoja picha itakate.

"Pale," Ngige alisema.

Ulikuwa mstatili wa urefu wa mtu. Moyo ulimruka kwa furaha asiyoitarajia, furaha ya kumpata mtu ambaye umekwisha kumlilia.

Mamake hakutazama pale. "Enda kushoto kidogo."

Akasogeza. Mraba wa ukungu ukaja, ukakawia, ukatakata. Palikuwa na kijani kingine, kidogo, kisichozidi mlango wa kabati.

"Hiyo ni shimo ya nini? Choo ya zamani?"

Rahab alivua miwani, akaishika mapajani. "Nilianza kuitwa Mama Ngige kabla wewe uzaliwe," alisema.

Kwao mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na jina hilo haliachwi lipotee. Mtoto akifa, anayefuata hulichukua. Ngige aliijua desturi hiyo tangu utotoni, ila hakuwahi kuifikiria kuwa inamhusu. Maisha yake yote alikuwa kifungua mimba. Katika vikao vya ukoo alikaa mbele ya wadogo zake, akawaamulia, na mara nyingine akawakaripia kwa haki ya kuwa wa kwanza.

"Alikuwa wa wiki chache. Ilikuwa homa tu," mamake aliendelea. "Baba yako alichimba peke yake, akaenda chini sana, aliogopa mbwa. Halafu akasema tusiongee, wewe ukija usijione ni kama umekalia kiti ya mtu. Lakini ni yeye mwenyewe alisema akifa azikwe hapo kando ya mtoto."

Ngige alihisi hasira, na nyuma ya hasira aibu, na hakujua amkasirikie nani. "Na wewe ulikuwa unapalilia hapo miaka hiyo yote?"

"Nilikuwa napalilia kila mahali. Hapo nilikuwa nachelewa tu."

Ngige alishika kipanya ili airudishe picha juu, apate vipimo kutoka kwenye ua. Rahab akaukamata mkono wake.

"Usimrudishe. Ukienda juu hataonekana."

Wakakaa hivyo, mkono juu ya mkono, mpaka skrini ikazima yenyewe.

Jumamosi walikuwa Saboti. Mahindi yalikwisha vunwa na shamba lilikuwa mabua matupu. Kiptanui aliwapokea akiwa na vijana wawili wa kuchimba. "Mama Ngige, karibu nyumbani," alisema, kisha akaonekana kujutia neno hilo la mwisho. Simu ya Ngige iliwaongoza hadi mahali, na mzee Kiragu akapatikana bila taabu, akatiwa katika sanduku waliloleta. Rahab aliimba ubeti mmoja tu.

Ngige akasogea kushoto, akaonyesha kwa mguu.

"Ulisema ni mtu mmoja," Kiptanui alisema.

"Ni wawili."

"Huyu mwingine ni nani?"

"Ni Ngige," alisema. "Mkubwa wangu."

Kiptanui akavua kofia.

Wakachimba. Hapakuwa na mfupa, wala kipande cha kitambaa, wala chochote. Kwenye picha ukingo wa kijani ulikuwa umekatika kama kwa kisu. Hapa udongo ulikuwa udongo tu, na hakuna aliyeweza kusema mtoto anaishia wapi na shamba linaanzia wapi. Kijana mmoja alisimama, akafuta jasho, akainua macho.

"Mama, tuchimbe mpaka wapi?"

Rahab alifungua leso kiunoni mwake, akaitandaza kando ya shimo, akainyoosha mikunjo kwa kiganja.

"Mpaka hii ijae udongo," alisema.

Ngige alimwomba kijana yule atoke, akashuka yeye.