Wa Mbele Amesimama

Rupert Gama aliamka kabla ya jogoo wa jirani, kama alivyoamka miaka yote ishirini na minane ya jeshi, akatandika upande wake wa kitanda huku mkewe akiwa bado amelala upande wa pili. Pembe za shuka zilikaa sawasawa. Akaketi ukingoni akizitazama. Siku haijaanza, naye alikuwa amekwisha kuchoka.

"Baba Leticia," mkewe Notburga alisema bila kufumbua macho. "Ndiyo leo?"

"Ndiyo leo."

"Na wakikukataa?"

"Wakinikataa, basi. Tunahamia kijijini Maposeni tukalime mahindi. Sitamwomba mtu wa nne."

Notburga akafumbua macho. Shamba halikumtisha. Kilichomtisha ni kile kiti cha barazani. Tangu Rupert astaafu, mwaka mmoja na miezi minne sasa, alikuwa akinywa chai ya asubuhi na kwenda kukaa pale, uso umeelekea barabarani, kama mtu aliyeambiwa asubiri hapo hapo. Ukimwuliza anasubiri nini, anasema amekaa tu. Chakula kinaletwa, kinapoa. Jua linazama, bado yupo.

Kitu kimoja tu kiliwahi kumwinua kitini: hamu ya kuendesha lori. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya jeshini tangu ujana. Basi akaenda chuo cha udereva miezi mitatu, akakaa dawati moja na vijana wa umri wa binti yake, akajifunza upya alama za barabarani kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Akapata leseni ya magari makubwa. Akapima macho. Hata hivyo matajiri wawili wa mjini wenye malori walimkataa. Mmoja alisema wanajeshi ni wagumu kuelekezwa. Mwingine alisema kwa upole, "Mzee wangu, nenda kapumzike," na maneno hayo ndiyo yaliyomuuma zaidi.

Wa tatu alikuwa Bi Mwamvua, mfanyabiashara wa Tunduru mwenye malori mawili. Lori moja lilikuwa likiendeshwa na kaka yake, Hamisi, ambaye sasa ugonjwa wa sukari ulikuwa umempunguzia macho. Mwamvua hakuzunguka maneno. "Mimi gari silijui. Utaendesha na kaka yangu pembeni, kutoka Songea mpaka Tunduru. Akisema ndiyo, funguo ni zako. Akisema hapana, usinipigie tena."

Alfajiri hiyo ya Juni baridi ilikuwa inauma masikio. Lori lilikuwa ghalani limeshapakiwa mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho. Hamisi alisimama karibu nalo, kofia kichwani, amejifunga shuka mabegani.

"Shikamoo, mzee Hamisi."

"Marahaba, afande. Umekuja peke yako? Mimi nilijua Mngoni hatoki nyumbani bila kikosi."

"Kikosi kimestaafu, mzee."

"Haya, tuone aliyebaki."

Rupert akalizunguka lori. Akapiga kila tairi kwa kiganja, akapima oili, akavuta kamba za turubai moja moja. Kisha akapanda, akatundika rozari yake kwenye kioo, akafanya ishara ya msalaba. Pembeni yake Hamisi akasema, "Bismillahi."

"Limeombewa pande zote mbili," Hamisi akaongeza. "Likianguka sasa, kosa ni lako."

Wakatoka mjini ukungu ungali umelala mabondeni. Rupert alibadili gia taratibu, bila kuikwaruza, na kwenye miteremko alishuka kwa gia nzito badala ya kukanyaga breki. Hamisi alimtazama mguu, akamtazama mkono. Walipoipita Namtumbo akajikunyata ndani ya shuka lake, akalala. Rupert aliliona hilo, moyo ukamtulia kidogo. Dereva wa miaka mingi halali ovyo kwenye gari linaloendeshwa na mwingine.

Muda si mrefu akalikuta lori jingine mbele, lenye turubai jekundu, likienda mwendo wa wastani. Barabara ilikuwa nyeupe, ingeruhusu kulipita mara kumi. Rupert hakulipita. Alishika nafasi nyuma yake, kama hatua sabini hivi. Likipunguza, anapunguza. Likiongeza, anaongeza. Mabega yake, yaliyokuwa yamekaza tangu asubuhi, yakalegea. Hakuwa hata akifikiri. Pori lilipita kushoto, pori likapita kulia, na lile turubai jekundu likabaki mahali pake mbele ya macho.

Kabla ya Matemanga lori jekundu likawasha taa ya pembeni, likatoka barabarani, likasimama. Rupert naye akawasha taa, akatoka barabarani, akasimama hatua sabini nyuma. Akavuta breki ya mkono. Injini akaiacha inanguruma. Mikono akaiacha kwenye usukani.

Akasubiri.

Hamisi aliamka jua likiwa limepanda. Akatazama nje, akaona miti.

"Tumefika?"

"Bado, mzee."

"Pancha?"

"Hapana."

"Trafiki?"

"Hapana."

"Sasa tumesimama nini?"

"Wa mbele amesimama."

Hamisi alikaza macho mbele, akaliona lori jekundu. Akamtazama Rupert. "Yule ni nani? Unamfahamu?"

Rupert akageukia dashibodi. Saa ya kwenye dashibodi ilionyesha kwamba walikuwa pale dakika thelathini na tano. Damu ikampanda usoni.

Hamisi akaanza kucheka. Alicheka mpaka kofia ikadondoka. "Ya Rabi! Babu zako Wangoni walitoka kusini kwa msafara, na wewe mpaka leo uko kwenye msafara! Je, yule angekuwa anakwenda kwake kulala? Tungelala naye?"

Rupert hakucheka. Alikuwa ameshika usukani kama mtu anayeshikilia mti kwenye mafuriko. Hamisi akaliona hilo, kicheko kikamwisha polepole.

"Afande. Kuna nini?"

"Jeshini ndivyo tunavyokwenda," Rupert alisema. "Humpiti wa mbele. Akisimama, unasimama. Hushuki mpaka uamriwe." Akatazama lile turubai jekundu. "Tulikuwa nchi ya watu, kulinda amani. Mbele yangu alikuwa Mathias. Tumetoka wote mafunzoni, ndiye aliyesimamia ubatizo wa Leticia wangu. Siku hiyo akasimama kwenye kilima cha udongo mwekundu. Nami nikasimama. Redio zilikuwa hazishiki vizuri. Nikasubiri amri. Dakika arobaini, mzee. Nilikuwa naliona gari lake hivi hivi, kama ninavyoliona lile."

"Walimpiga?"

"Hakupigwa. Ni moyo. Alivuta breki vizuri, akazima gari, akalaza kichwa kwenye usukani. Daktari alisema labda angewahiwa mapema. Labda." Akajifuta uso kwa kiganja. "Sikuvunja amri. Hakuna aliyenilaumu. Kila siku namwombea, nasali rozari nzima kwa ajili yake. Lakini bado nipo pale, mzee. Bado nasubiri."

Hamisi aliokota kofia yake, akaikung'uta gotini. Hakutoa pole. Akanyoosha kidole kwenye kioo cha mbele.

"Basi shuka."

"Niende wapi?"

"Kamwulize yule kama yu mzima. Mimi ndiye niliyepewa gari hili leo, na ndiye ninayekuamuru. Shuka."

Rupert akafungua mlango. Mgongo ukamuuma alipokanyaga changarawe. Zilikuwa hatua sabini tu, lakini alizitembea kama mtu anayepanda kilima akiwa na mzigo. Njia nzima midomo yake ilikuwa ikisema Salamu Maria, na kila alipofika kwenye "saa ya kufa kwetu" aliishia hapo, akaanza upya. Alipoufikia mlango wa lori jekundu aliona kichwa kimeegemea usukani. Akasimama. Akataka kurudi. Kisha akainua mkono, akagonga.

Kichwa kikainuka. Alikuwa mwanamume wa makamo, macho mekundu, alama ya usukani imejichora kwenye paji la uso.

"Shikamoo mzee. Nimekuzibia njia?"

"Marahaba. Hapana. Nimekuja kuuliza kama uko mzima."

Yule dereva akamtazama kama anayetafuta mtego. "Mzima, mzee. Nimetoka Makambako jana, sijalala. Nimechoka tu."

"Hata mimi," Rupert alisema. "Hata mimi nimechoka."

Hakuondoka mara moja. Alibaki ameweka kiganja kwenye mlango wa lori lile, bati likiwa na joto la jua, akimtazama mtu yule akipumua. Kisha akasema, "Lala, ndugu. Mungu akulinde," akarudi.

Hamisi alikuwa anaongea kwa simu. "Gari analijua kuliko mimi," alikuwa akisema. "Ndiyo, Mwamvua. Ana kasoro moja." Akamtazama Rupert akipanda, akijivuta kwa mikono miwili. "Anasimama bila sababu. Lakini leo nimeona anajua kushuka. Mpe funguo." Akakata simu, akajifunika shuka lake tena. "Umesikia, afande? Haya, twende. Salfa ya watu inasubiriwa."

Rupert hakushangilia. Alifikiria tu kwamba jioni atampigia Notburga, amwambie kile kiti akiingize ndani. Akaweka gia, akawasha taa ya kulia, akatazama kioo. Akalipita lori jekundu polepole, akampungia mkono yule dereva ambaye alikuwa amekwisha kulala tena.

Mbele yake barabara ilikuwa tupu. Hakuna turubai, hakuna vumbi la mtu. Akaanza rozari ya Mathias tangu mwanzo, akaongeza gia.