Mimba ya Esha

Miaka tisa Esha alikuwa ameolewa Lisekese bila kushika mimba, na miaka tisa yote hakuna aliyemwacha apumue. Kwa hiyo, mwaka ule wa hamsini na saba, hedhi ilipokoma na tumbo likaanza kujaa, nani angeuliza maswali? Uso ulimviringika, ngozi ikakolea weusi, tumboni ikatoka michirizi ya zambarau. "Mtu wa Newala kaonja maji ya kutosha, kanawiri!" mawifi wakamtania, maana kwao Esha, Newala, maji ni ya shida. Mama mkwe wake, Bi Pili, hakungoja. Alimfanyia litiwo, ngoma ya mimba ya kwanza, akamfunda mbele ya wanawake wote, na tangu siku hiyo akamkataza kubeba hata kata ya maji.

Mwezi wa kumi wa mimba ukapita. Wa kumi na moja nao huo ukakatika. Ngojangoja huumiza matumbo, jamani! Mikono na miguu ilimkonda Esha, na akichuchumaa hainuki mpaka ashikwe. Lakini alimtamani mtoto yule mpaka roho ikamuuma. "Cheza basi, mwanangu, hata kidogo," alimbembeleza. Hakikucheza kitu.

Bi Pili akampeleka hospitali ya misheni, Masasi, akazalishwe. Muuguzi Mabel alimpapasa tumbo, akalipapasa tena, akamwita daktari. Mzungu yule hakuhangaika na tumbo. Alitazama mikono iliyokonda, michirizi, na damu iliyovilia chini ya ngozi. Mkojo ukapimwa, ukakutwa na sukari. Kisha Esha akapigwa picha ya eksirei, tena ya kifua.

Mabel ndiye aliyemweleza, kwa Kiyao, taratibu. "Nyuma ya mfupa wa kifua kuna uvimbe, dada yangu. Umeota kwenye tezi ambayo mtu huzaliwa nayo, kisha husinyaa akikua. Daktari anadhani uvimbe huo unamwaga homoni, ndizo zilizokunenepesha na kukukatia hedhi. Ni ugonjwa adimu, yeye mwenyewe ameusoma vitabuni tu. Uende Dar es Salaam ukapasuliwe, la sivyo utakufa."

"Na mtoto?"

"Hayupo. Hakuwahi kuwapo."

Esha alitikisa kichwa. "Nipeni mwezi mmoja. Labda amechelewa."

"Dada, huna mwezi wa kuchezea."

"Basi nife naye! Nitarudije Lisekese mtupu, nami nimeshachezewa ngoma?"

Bi Pili alikuwa mlangoni, amesikia yote. Mama yule aliyezoea kuamrisha nyumba nzima aliketi sakafuni, akamshika mkwewe miguu.

"Mimba niliitangaza mimi, Esha, kwa uchu wangu wa mjukuu. Watakaocheka wanicheke mimi. Nenda ukapasuliwe. Mjukuu nimemkosa; nikikukosa na wewe, nitabaki na nani?"

Esha alimtazama, asiamini. Tangu aolewe, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anatakiwa yeye, hata asipozaa. Akalia kwa sauti, akamwambia Mabel aandike jina lake kwa safari ya Dar es Salaam.