Mistari Mitatu Ubavuni

Karakana ya ushirika pale Newala ilikuwa inakufa, na aliyekuwa akiiua ni fundi wake bora, Nikolao. Alitengeneza mikokoteni, na Mmakonde ukimpa mti usitegemee atauacha mtupu. Kila mkokoteni ulipewa jina la kutisha, Kimbunga, Simba wa Bonde, Mshindi wa Wote, na ekseli yake, ule mti wa chini unaoshika magurudumu, ilichongwa uso wa mwanamke. Ukipakiwa mihogo na kuteremka kuelekea Ruvuma, ekseli ilikatika njiani. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Kimbunga nacho kilirejea, kimebebwa vichwani.

Uso ule ulikuwa wa Julia, mkewe. Askari wa Kireno walipochoma kijiji chao ng'ambo ya Ruvuma, kila mmoja alikimbia na njia yake. Nikolao akavuka mto, Julia hakuonekana tena. Wenzake walishaoa wengine, naye akabaki anamtamani mpaka kifua kinamuuma, hasa alfajiri, wanawake wakipita kwenda kuchota maji bondeni. Alijua kwamba kiangazi, mto ukipungua, mikokoteni huvushwa na chakula cha wapigania uhuru wa kwao. Mmoja ukifika, alijiambia, Julia ataona sura yake, atajua nipo hai.

Hakuna hata mmoja uliofika.

Ndipo akaja Felician, afisa ushirika, kijana wa Kihaya, amekumbatia ekseli iliyokatika.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, bwana Felician."

"Tazama inapokatikia. Mdomoni, kila mara, hapo unapochimba sana. Watu wa Chiungutwa hawaitaki mikokoteni yetu tena, wa Lupaso wanasema bora vichwa vyao. Tusipobadilika karakana inafungwa."

"Mti usio na sura ni kuni tu."

"Na sura iliyokatika je? Kizuri chajiuza, fundi, kibaya chajitembeza. Ondoa majina, ondoa nyuso. Ekseli iwe nene, nyoofu, na pete ya chuma kila ncha. Ubavuni weka alama moja tu, ile ile kwa mikokoteni yote."

Nikolao alinuna, akasusa hata chakula. Lakini karakana ikifungwa, ni kitu gani kitakachovuka? Akachonga ekseli nyoofu ya kwanza kwa uchungu wa mtu anayezika. Ubavuni akaweka mistari mitatu iliyopinda, chale za kiunoni mwa Julia. Zamani aliichonga alama hiyo kwenye kinu cha mkewe, kumtania, maana mstari wa tatu ulikuwa mfupi: Julia, alipokuwa msichana, alimponyoka bibi yake kabla wembe haujamaliza kazi.

"Huu wa tatu mbona mfupi?" Felician akauliza. "Watasema tulichoka. Urefushe."

Mambo ya kiunoni mwa mke wa mtu hayaelezwi kwa afisa. Nikolao akaurefusha, moyo ukimsuta.

Mikokoteni ikashuka, ikafika. Haikuwa na jina, lakini sokoni Masasi watu waliulizia "ile ya mistari mitatu," na karakana ikaajiri mafundi wapya. Nikolao peke yake hakufurahi. Alituma alama yenye kosa, na nani angeitambua?

Mwisho wa kiangazi Swalehe, mkokota mizigo, alirudi kutoka ng'ambo, akauleta mkokoteni wake kutiwa grisi.

"Ekseli haina hata ufa," alisema. "Ila huko mtu kaikwangua nembo yenu. Watu hawana adabu."

Nikolao alichuchumaa. Ncha ya mstari wa tatu ilikuwa imekwanguliwa taratibu kwa kisu, ikasuguliwa mpaka mbao ikawa laini. Mistari miwili haikuguswa. Wa tatu sasa ulikuwa mfupi.

"Tutauchonga upya," Felician akasema.

"Usiuguse!" Nikolao akamzuia, machozi yakimshuka bila aibu. "Swalehe, maji ya mto yamefika wapi?"

"Kiunoni. Mvua ikianza tu, havukiki."

Nikolao akaweka patasi chini, akaenda kuchukua fimbo yake ya safari.