Maji Mabichi ya Hynek

Mume wangu Hynek alikuwa akilisha samaki wasiokuwepo. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alidondosha chembe za chakula kwenye tangi la kioo pale sebuleni, tangi lenye maji, changarawe na majani mawili matatu, basi. Mama yangu, Drahomira, tunayeishi naye, alimtazama na kupiga ishara ya msalaba.

Hynek alikwisha kumweleza. Uchafu wa samaki ni sumu majini, na wapo vijidudu wanaoila sumu hiyo, ila huzaliana polepole. Chakula kikioza, wanapata cha kuanzia. Wakiwa wengi, maji yameiva na samaki waingie. Kwa sasa maji mabichi. Mama alijibu kwamba amepika tangu usichana wake na hajapata kusikia maji yanayoiva bila moto.

Lakini ugomvi wenyewe haukuwa maji, ulikuwa pembe ya dirishani. Tangi lilikalia mahali pa cherehani ya Mama, nayo cherehani ikahamia chumbani kwake, gizani. Siku ya Mtakatifu Nikolasi, mapema Desemba, wakawekeana sharti. Ikifika saa ya chakula cha mkesha wa Krismasi na samaki hai hajaingia tangini, tangi litashuka stoo, chini ya jengo. Akiingia, Mama asiitaje tena ile pembe.

Asubuhi ya mkesha Hynek akayapima maji kwa matone yake. Yalitakiwa yawe manjano, yakawa kijani kama kabichi: sumu bado imo. Nikamnong'oneza anunue samaki mmoja wa bei rahisi, akae hadi jioni tu.

"Nimtie kwenye sumu ili nimshinde mama yako?" alisema. Akachukua ufagio, akashuka stoo kulitafutia tangi nafasi.

Mama naye akataka kuoga. Ila hodhi la kuogea lilikuwa na mwenyewe: kapri wa sikukuu, samaki mnene tuliyemnunua akiwa hai, kama kila nyumba mtaani kwetu, akisubiri kisu. Ndoo kubwa ilikuwa imejaa saladi ya viazi. Nikiwa jikoni nikasikia kishindo cha maji sebuleni, kisha mlango wa bafu ukafungwa.

Hynek aliporudi, utando wa buibui nyweleni, kapri alikuwa ameenea tangi zima, kichwa kioo hiki na mkia kioo kile, majani yote yameng'oka. Mama akatoka bafuni na taulo kichwani.

"Mama, huyo nani?"

"Chakula cha jioni, mkwe. Nimemhamisha kidogo, nioge."

"Yu hai?"

"Kwani huoni anavyo..." Akaitazama pembe ya dirishani, akalikumbuka sharti.

"Nimefunga tangu asubuhi," Hynek akasema, "nikitarajia nguruwe wa dhahabu atokee ukutani, kama tulivyoahidiwa utotoni kwamba anayefunga siku ya mkesha humwona. Hii imezidi."

Kisha akaikumbuka sumu. Akamkumbatia kapri na kukimbia naye hodhini, amelowa hadi soksi, Mama nyuma yake akimkaripia asimbane mwenzake tumbo.

Jioni Mama alishika kisu, akatazamana na kapri, akakirudisha kabatini. Tukala saladi na mkate.

Siku hizi Mama anaoga kwa jirani, na ndiye anayedondosha chakula tangini.

"Yameiva?" humwuliza Hynek kila asubuhi. "Mwenzetu kachoka kukaa bafuni."

Hynek hajathubutu kumwambia kwamba tangi lile ni la samaki wasiozidi kidole.